Alama za Mwanariadha na Deni la Chuo

Anayefuatilia riadha kwa mbali huenda akadhani kwamba chuo kikuu cha Marekani kinapomsajili mkimbiaji, kinachoamua ni saa ya kocha peke yake. Ukweli ni kwamba kijana akishavutia kwa muda wake wa mita 1,500 au 5,000, kinachoombwa baada ya hapo ni matokeo yake ya shule, na safari nyingi hukatikia hapo. Michezo ya vyuo vya Marekani husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, chenye vyuo zaidi ya 1,100 na wanamichezo zaidi ya 500,000. Katika Divisheni ya Kwanza, ambako ushindani ni mkali zaidi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hachezi mpaka ofisi ya NCAA inayokagua sifa ithibitishe kwamba alisoma masomo 16 ya msingi sekondari, yakiwemo manne ya Kiingereza, matatu ya hisabati na mawili ya sayansi, na kwamba wastani wake haupungui 2.3 katika kipimo ambacho kilele chake ni 4.0. Masomo kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa shule, ili watu wasirundike masomo mepesi dakika za mwisho kwa ajili ya kuokoa usajili. Sharti hilo ni jema, na nitalitetea. Ila lina kasoro kubwa ambayo wazazi na makocha wa huku kwetu hawaambiwi: linampima kijana wa miaka 17 kwa ukali kabla hajaingia, halafu linakipima kwa upole mno chuo kilichomchukua. Alama za darasani zitamlinda mwanamichezo siku zitakapogeuka kuwa deni la pande mbili.

Sharti lenyewe lilizaliwa na aibu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyuo vikubwa vilikuwa vikisajili wachezaji wa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu ambao kila aliyehusika alijua kwamba hawangeweza kufuata masomo ya chuo. Kevin Ross aliingia Chuo Kikuu cha Creighton mwaka 1978 kucheza kikapu akiwa na alama 9 kati ya 36 katika mtihani wa ACT wa kuingilia chuo, wakati wastani wa wenzake wa mwaka wa kwanza ulikuwa zaidi ya 23. Kwa mujibu wa madai yake yaliyoelezwa katika hukumu ya mahakama ya rufaa, alikaa miaka minne, akapangiwa kozi kama nadharia ya mpira wa kikapu, akaondoka mwaka 1982 bila shahada na akiwa na uwezo wa kusoma wa mtoto wa darasa la saba. Baadaye akaketi katika darasa moja na watoto, katika shule ya msingi jijini Chicago, ili afundishwe upya. Mchezaji wa futiboli ya kulipwa Dexter Manley aliiambia kamati ya Seneti mwaka 1989 kwamba alipita Chuo Kikuu cha Oklahoma State bila kujua kusoma. Na mwaka 1986 baraza la mahakama jijini Atlanta lilimpa ushindi Jan Kemp, mwalimu wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Georgia aliyefukuzwa kazi baada ya kulalamika kwamba wachezaji waliofeli somo la msingi walikuwa wakipitishwa. Wakili wa chuo, akikitetea, alisema hadharani kwamba pengine mchezaji wa namna hiyo hatakuwa msomi, lakini akifundishwa kusoma na kuandika anaweza kupata kazi ya posta badala ya kuzoa taka. Kauli hiyo ilionyesha wazi kile ambacho vyuo vilikuwa vikikiona kinatosha kwa watu waliovijazia viwanja.

NCAA ilijibu kwa kanuni iliyoitwa Pendekezo la 48, iliyopitishwa Januari 1983 na kuanza kutumika mwaka 1986. Ilidai wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi pamoja na alama 700 kati ya 1,600 za mtihani wa SAT, au 15 za ACT. Aliyekosa kimojawapo hakucheza mwaka wa kwanza. Ugomvi uliofuata unastahili kusomwa vizuri, kwa sababu watu wenye nia njema walisimama pande zote mbili. Januari 1989 NCAA ilipotaka kubana zaidi kwa kuwanyima ufadhili wale waliotimiza nusu ya masharti, John Thompson, kocha Mweusi wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alitoka uwanjani kabla ya mechi kuanza kama ishara ya kupinga. Hakuwa mtu wa kudharau shule, kwani takriban wachezaji wake wote waliokaa miaka minne walipata shahada. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani mmoja wa kitaifa unawahukumu watoto wa shule maskini kwa makosa ya shule zao, na kwamba kijana asiyepewa nafasi hatapata fursa ya kuonyesha uwezo wake. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi na Mmarekani Mweusi mwenzake, aliunga mkono masharti makali. Aliamini kwamba watoto husoma kwa kadiri wanavyodaiwa, na kwamba kushusha kizingiti ni kuwaambia kuwa hawategemewi kitu darasani.

Nikiutazama mjadala huo leo, naona kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, na miaka iliyofuata ilithibitisha hivyo. Thompson alikuwa sahihi kuhusu mtihani. Utafiti wa NCAA yenyewe uliendelea kuonyesha kwamba alama za miaka minne ya sekondari zinabashiri mafanikio ya chuoni vizuri kuliko matokeo ya mtihani wa asubuhi moja. Mwaka 1999 wanafunzi Weusi walioishtaki NCAA walishinda katika mahakama ya wilaya kwamba kigezo cha mtihani kiliwaumiza isivyo haki, ingawa mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo baadaye mwaka huohuo. Polepole kanuni zikaanza kuruhusu alama nzuri za darasani zifidie mtihani dhaifu, na Januari 2023, baada ya miaka ya korona ambapo mtihani ulikuwa umesimamishwa, NCAA iliufuta kabisa kama sharti la kustahili kucheza. Ashe naye alikuwa sahihi kuhusu masomo. Masomo ya msingi yaliyodaiwa yalipanda kutoka 11 hadi 13, kisha 14, kisha 16 kuanzia mwaka 2008, na wastani ukapanda hadi 2.3 mwaka 2016. Kila kizingiti kilipoinuliwa kulikuwa na waliotabiri kwamba viwanja vitabaki bila watu Weusi. Haikutokea hivyo, kwa kuwa shule, makocha na wazazi walianza kuuliza mapema mtoto amesoma nini. Kinachodaiwa kikijulikana miaka minne kabla, na kikawa ni kazi ya kila siku darasani, kinatimizwa na wengi.

Lakini mlango mgumu haukuwa dawa ya kilichokuwa ndani. Mfano unaouma zaidi kwa msomaji wa lugha hii ni wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, taasisi yenye heshima kubwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Oktoba 2014 na Kenneth Wainstein, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, ilieleza kwamba kwa takriban miaka 18, hadi mwaka 2011, idara ya masomo ya Afrika na Wamarekani wenye asili ya Afrika ilitoa kozi ambazo hazikuwa na kipindi hata kimoja. Mwanafunzi aliandika karatasi moja, ikasahihishwa na mtumishi wa ofisi ambaye hakuwa mwalimu, na alama ya juu ikatoka. Waliopita humo ni zaidi ya wanafunzi 3,100, karibu nusu yao wakiwa wanamichezo, ilhali wanamichezo ni sehemu ndogo sana ya wanafunzi wa chuo hicho. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotumiwa hivyo. Mwanafunzi aliyetakiwa kumaliza ngazi ya tatu ya lugha aliweza kuandika kwa Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili, akahesabiwa amejifunza Kiswahili. Lugha iliyojengewa kamusi, sarufi na fasihi kwa jasho la vizazi iligeuzwa uchochoro wa kumpitishia mchezaji asiye na muda wa kusoma. Inanikera kwa niaba ya lugha, na inanikera zaidi kwa niaba ya vijana wale, ambao wengi wao walikuwa wametimiza masharti yote ya kuingia.

Hukumu iliyofuata inaeleza kasoro niliyoitaja vizuri kuliko maelezo yoyote yangu. Oktoba 2017 NCAA ilitangaza kwamba haiwezi kukiadhibu chuo, kwa sababu kozi zile zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote na hazikuwa upendeleo wa wanamichezo peke yao, na suala la ubora wa kozi ni la chuo chenyewe. Linganisha. Kijana wa sekondari akikosa somo moja kati ya 16, ofisi ya NCAA inalihesabu na kumzuia kucheza. Chuo kikitoa kozi zisizo na mwalimu kwa miaka 18, chama kilekile kinasema hakina mamlaka ya kuhukumu kama kozi ni kozi. Mwanafunzi ndiye aliyepoteza pande zote mbili, maana shahada yake imetiwa doa na muda wake haurudi.

Haki inataka niseme kwamba si kweli kuwa vyuo havipimwi kabisa. Tangu mwaka 2003 mwanamichezo wa Divisheni ya Kwanza lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya mahitaji ya shahada mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 60 mwaka wa tatu na asilimia 80 mwaka wa nne, la sivyo hachezi. Kila timu nayo hupewa alama za maendeleo ya masomo kati ya 1,000. Mwanamichezo mwenye ufadhili huiletea timu pointi moja kila muhula kwa kubaki na sifa za kucheza, na nyingine kwa kubaki chuoni. Timu inayoshuka chini ya 930 kwa wastani wa miaka minne inaweza kuzuiwa kucheza michuano ya mwisho. Hiyo si adhabu ya karatasi tu. Timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, alikotokea Mtanzania Hasheem Thabeet kabla ya kuingia NBA mwaka 2009, ilifungiwa michuano ya 2013 kwa sababu ya alama hizo, ikajirekebisha, na mwaka 2014 ikatwaa ubingwa wa taifa. Wanaosema kwamba kudai masomo kunaua ushindani wana kazi ya kueleza mfano huo. Na viwango vya kuhitimu vimepanda kweli, kwani kwa hesabu ya NCAA, wanamichezo tisa kati ya kumi wa Divisheni ya Kwanza sasa hupata shahada.

Hesabu hiyo, hata hivyo, isomwe kwa makini. NCAA humwondoa katika hesabu mwanamichezo aliyehamia chuo kingine akiwa na hali nzuri kimasomo, wakati hesabu ya serikali kuu humhesabu kama ambaye hakuhitimu pale alipoanzia. Kila hesabu ina mantiki yake, lakini chuo kinachojinadi hutaja ile ya juu. Lililo zito zaidi ni kwamba kipimo kinachotazama kama mchezaji bado anastahili kucheza kinamshawishi mshauri wa masomo amwelekeze kwenye kozi rahisi zaidi. Aliyetamani uhandisi au uuguzi huambiwa kwamba maabara za alasiri zinagongana na mazoezi. Kanuni inaruhusu saa 20 za michezo kwa wiki katika msimu, lakini wanamichezo wenyewe, wakiulizwa na NCAA, wametaja zaidi ya saa 30. Hivyo mtu anaweza kuhitimu, akahesabiwa katika ile asilimia 90, na bado shahada yake ikawa ile iliyolingana na ratiba ya basi la timu, huku somo alilolifuata akivuka bahari halijaguswa.

Upo upande mwingine wa usajili ambako alama zinafanya kazi tofauti, nao ni vyuo vyenye udahili mgumu. Vyuo vinane vya Ligi ya Ivy, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Humpa mwanafunzi msaada kulingana na uwezo wa familia yake. Kocha wa huko hana pesa mkononi. Alicho nacho ni nafasi kadhaa za kumpendekezea mtu kwenye ofisi ya udahili, na ligi inatumia kipimo cha masomo kuhakikisha kwamba wanamichezo waliosajiliwa hawaachwi mbali na wanafunzi wengine. Hata hivyo nafasi hizo zina thamani kubwa mno. Nyaraka za kesi iliyosikilizwa mwaka 2018 dhidi ya Harvard zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanamichezo waliopendekezwa na makocha walikubaliwa, wakati waombaji wengi wa kawaida walikataliwa. William Bowen, aliyewahi kuwa rais wa Princeton, aliandika na wenzake vitabu viwili, mwaka 2001 na 2003, wakionyesha kwamba wanamichezo waliosajiliwa katika vyuo vya aina hiyo hufanya vibaya darasani kuliko alama zao za kuingilia zinavyotabiri. Na mwaka 2019 serikali ya Marekani ilifichua kwamba wazazi matajiri walikuwa wakimlipa dalali, Rick Singer, ambaye aliwahonga makocha wa vyuo kadhaa ili watoto wasiocheza mchezo wowote waandikwe kuwa wanamichezo. Nafasi iliyokusudiwa kipaji ilikuwa imepata bei. Kwa upande wa pili, Graham Blanks wa Harvard alishinda mbio za nyika za NCAA mwaka 2023 na 2024, ushindi ambao hakuna mwanamume wa ligi ile aliyewahi kuupata kabla yake. Akili na miguu haviko katika vita. Vita huletwa na namna tunavyopanga muda na fedha.

Fedha ndizo zinazoleta pingamizi kubwa la leo. Wapo wanaosema mjadala wa masomo umepitwa na wakati. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA kuhusu mafao ya kielimu, na Julai mwaka huohuo wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kugawa hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa wanamichezo wake moja kwa moja. Kama wao ni wafanyakazi wanaolipwa, wanasema, tuache kujifanya kwamba wamekuja kusoma. Nakubali kwamba anayezalisha mamilioni anastahili sehemu yake, na kwamba vyuo vilijificha nyuma ya neno “mwanafunzi” kwa miaka mingi ili visilipe. Lakini tuangalie fedha hizo zinakwenda wapi. Sehemu kubwa ni ya futiboli na kikapu cha wanaume. Mkimbiaji wa mbio ndefu, mrukaji, mrusha mkuki hupata makombo. Mwanamichezo wa kigeni ana kikwazo zaidi, kwa sababu viza ya mwanafunzi inabana mno kazi za kulipwa, na dili nyingi wanazosaini wenzake Wamarekani kwake zinaweza kuhatarisha ukaazi wake. NCAA yenyewe hueleza kwamba wanaofika michezo ya kulipwa ni chini ya asilimia 2. Kwa mkimbiaji kutoka Kericho au Mbulu, basi, elimu ndiyo malipo yenyewe, na malipo yanayotolewa nusu ni dhuluma hata kama mlipaji ana tabasamu.

Historia yetu wenyewe inatoa ushahidi wa elimu hiyo inapolipwa kamili. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso katika kipindi alichopata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Bernard Lagat alihitimu Washington State katika mifumo ya habari ya usimamizi, na Sally Kipyego akahitimu uuguzi Texas Tech huku akikusanya mataji ya vyuo. Somo la uuguzi, kama nilivyoeleza, ndilo hasa ambalo ratiba ya mazoezi hulikataa, na yeye aliliweza kwa sababu palikuwa na nafasi ya kuliweza. Boit tena, pamoja na mwandishi Mmarekani John Manners, walianzisha mwaka 2004 mpango wa KenSAP, ambao ulianza kwa kuchagua vijana wa Bonde la Ufa waliong’ara katika mtihani wa KCSE, kisha ukawapima pia kwa mbio, na umepeleka zaidi ya wanafunzi mia moja katika vyuo bora vya Marekani. Wengi wao hawakuwa wakimbiaji mashuhuri. Alama ndizo zilizofungua mlango, na riadha ikawa nyongeza. Waandaaji waliigeuza kanuni ya kawaida ya usajili, na matokeo yake yanastahili kuigwa na shirikisho la riadha la nchi yoyote ya eneo hili.

Wimbi la sasa lina sura tofauti. Miaka ya karibuni vyuo vingi vya Divisheni ya Kwanza vimekuwa vikisajili wakimbiaji kutoka Kenya kwa wingi, na matokeo yanaonekana: Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alishinda mbio za nyika za NCAA mwaka 2024, na Juni 2025 akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15. Mafanikio hayo ni ya kujivunia, lakini yamewavutia pia madalali wanaotembelea kambi za mazoezi wakiwa na saa mkononi na bila swali hata moja juu ya shule. Mzazi aelewe jinsi alama zinavyogeuka fedha. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili 12.6 tu wa kugawia kikosi kizima, hivyo kocha aliukatakata vipande. Kijana mwenye alama nzuri alipata nyongeza kutoka mfuko wa taaluma wa chuo, ambao si wa kocha, na kwa hiyo akawa rahisi kusajiliwa na mgumu kuachwa. Hata sasa ambapo ukomo wa ufadhili umebadilishwa kuwa ukomo wa idadi ya wachezaji, vyuo vingi havina bajeti ya kumlipia kila mtu kila kitu, na mfuko wa taaluma bado unaamua. Cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri za Kiingereza, hisabati na sayansi kina bei ileile ya sekunde kadhaa uwanjani, na tofauti na sekunde, hakiumii msuli.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa vyuoni wenyewe. Wanasema chuo kinaweza kumpeleka mtu darasani, lakini hakiwezi kumlazimisha kujifunza. Ni kweli, na hakuna anayetaka chuo kiadhibiwe kwa uvivu wa mtu mzima. Kinachodaiwa ni yale yaliyo mikononi mwa chuo: kozi yenye mwalimu, uhuru wa kuchagua somo, saa za mazoezi zisizozidi kanuni, na ufadhili usioisha kijana anapoumia goti. Jambo hili la mwisho lina historia mbaya. Mwaka 1973 NCAA iliufanya ufadhili kuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kocha akapata uwezo wa kutouhuisha mwanamichezo akishuka kiwango. Ufadhili wa miaka mingi uliruhusiwa tena mwaka 2012, na ligi tano tajiri zaidi zilipiga marufuku mwaka 2015 kumnyima mtu ufadhili kwa sababu za kimichezo. Nje ya ligi hizo, kila chuo kiliendelea kwa miaka na desturi yake. Mahakama nazo zimeonyesha mpaka wa msaada wake. Katika kesi ileile ya Ross, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 1992 kwamba haitasikiliza madai ya elimu mbovu kwa ujumla, lakini mwanafunzi anaweza kudai pale chuo kilipoahidi huduma mahususi, kama vile walimu wa kumsaidia, kisha kisizitoe. Ahadi ya jumla haina meno mbele ya sheria, iliyotajwa wazi inayo.

Kwa hiyo NCAA ipanue ukaguzi wake mpaka kwenye kozi zenyewe, ichapishe kwa kila timu si idadi ya waliohitimu tu bali walihitimu nini, na ilitumie rungu la 930 kwa timu zinazowarundika wanamichezo wake wote katika shahada moja. Mpaka hilo litakapofanyika, ulinzi uko kwa anayetia saini. Mzazi, mwalimu wa michezo, kijana unayesoma haya: kabla ya kukubali, omba kwa maandishi ufadhili ni wa miaka mingapi na nini kitatokea ukiumia. Uliza wachezaji waliotangulia wa timu hiyo, hasa wa kigeni, wamehitimu masomo gani, na omba kuzungumza na mmoja wao bila kocha kuwepo. Taja somo unalotaka kusoma na uulize kama ratiba ya mazoezi inaliruhusu. Kocha mwenye nia njema atajibu yote hayo kwa barua pepe siku hiyohiyo. Akikwepa, mwache, kwa maana mwenye muda mzuri na alama nzuri hakosi chuo kingine.